Unga mweupe kwenye haibiskasi si ukungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wakazi wenzangu wa Tanga wanaopanda maua majumbani, hasa sisi wa Raskazoni na Chumbageni, kuhusu unga mweupe unaoganda kwenye vikonyo na migongo ya majani ya haibiskasi, ambao wengi wetu huuita ukungu na kuununulia dawa ya ukungu. Nami nilikuwa miongoni mwao. Muuzaji wa duka moja la pembejeo alilitazama jani kwa mbali akanipa kopo, nikapiga dawa wiki tatu mfululizo, na machipukizi yakazidi kujikunja kama ngumi ya mtoto mchanga.

Ule ni wadudu. Pangusa unga huo kwa kidole, utawakuta chini yake wamelala, wa manjano, umbo la yai, urefu wa milimita mbili hivi, na ukimminya mmoja hutoa maji ya manjano. Mimi niliwatia wachache katika kichupa cha spiriti jioni; asubuhi walikuwa wameanza kugeuka weusi wenye ubuluu. Hao ni vidung'ata wa mpapai, ambao asili yao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na waliripotiwa hapa nchini mwaka 2015. Jina lisikudanganye: hula pia muhogo na biringanya, kwa hiyo uzembe wa bustani ya maua huishia shambani kwa jirani.

Kilichotuchanganya ni kwamba ukungu upo kweli, ila ni yale masizi meusi yanayoota juu ya utomvu mtamu wanaoutoa wadudu hao. Utomvu ukikoma, masizi nayo hukoma. Hata dawa kali ya wadudu haisaidii sana, kwa kuwa ule unga mweupe ni nta inayowafunika na huizuia, huku ikiwaua dudu kobe na nyigu wadogo wanaowala.

Kilichonisaidia ni kukata matawi yaliyoelemewa, kuyafunga ndani ya mfuko mweusi na kuuanika juani kabla ya kuyatupa, kisha kuosha migongo ya majani kila jioni ya Jumamosi kwa maji yenye sabuni kidogo. Kuosha mara moja hakutoshi, maana mayai hujificha ndani ya pamba ya nta na huanguliwa baada ya siku kumi hivi. Shina nililizungushia kitambaa chenye grisi ili sisimizi, wanaowalinda wadudu hao kwa ajili ya utamu, wasipande. Majimoto, wale sisimizi wekundu waishio mitini, sikuwaua; mwenye minazi anajua faida yao ya kuwinda wadudu waharibifu.

Jike wa kidung'ata hana mabawa. Vitoto hupeperushwa na upepo, lakini safari ndefu tunawapa sisi wenyewe, kwa miche ya vitaluni na mikasi isiyooshwa. Anayenunua ua ageuze jani kabla ya kutoa pesa, na mche mpya autenge wiki mbili.

Ombi langu la mwisho ni kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mwaka 2010 India iliingiza nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidung'ata hawa na kuwaua. Tungependa kuelezwa kupitia gazeti hili iwapo nyigu hao wamefika Tanga, ili tujue pa kuweka pampu ya dawa chini.

Mpanda maua,
Raskazoni, Tanga