Muuguzi wa watoto mahututi apande cheo bila kuhama wodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu Julai, siku listi ya mzunguko, yaani ya wauguzi wanaohamishwa wodi, ilipobandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya matroni. Mimi ni muuguzi. Nina miaka 19 kazini, na 11 kati ya hiyo nimeimaliza kwenye chumba cha watoto mahututi katika hospitali moja ya huku kwetu kanda ya ziwa. Jina la nne kwenye listi ile lilikuwa la binti niliyemfundisha kazi kwa miezi 14. Amehamishiwa kliniki ya macho.

Sina neno na kliniki ya macho, wagonjwa wake nao wanahitaji muuguzi mzuri. Ila ningependa wasomaji wajue binti huyu alikuwa amejifunza nini, kwa hiyo nitasimulia usiku mmoja tu.

Ilikuwa saa tisa usiku. Wauguzi tulikuwa wawili, watoto wanne. Mmoja wao alikuwa na miezi miwili na kilo nne, ana nimonia kali, amevushwa kutoka Ukerewe siku mbili kabla, na alikuwa kwenye mashine ya kupumulia, kwa mpira uliopitishwa kooni. Mtoto wa kilo nne, pumzi moja anayopewa na mashine ni mililita 24 hivi, haifiki vijiko viwili vya chakula. Damu yake yote mwilini ni kama mililita 320. Ukiimimina kwenye chupa ya soda, haijai. Nukta ya desimali ikikaa pasipo pake, amepata dawa mara kumi ya kipimo chake. Kwa mtoto wa namna hiyo hakuna kosa dogo.

Monita ikaanza kulia. Oksijeni ya damu asilimia 94, mara 88, mara 71. Binti alikuwa na wiki ya tatu tu pale, akakimbilia waya wa umeme, kisha akaanza kubonyeza vitufe. "Dada, mashine imeharibika!" Nikamwambia aiache mashine amtazame mtoto. Nikamtoa kwenye mashine, nikaanza kumpa hewa kwa ambu, mfuko unaobonyezwa kwa mkono. Kifua kikagoma kupanda. Hapo mambo ya kufikiria ni manne, na unayafikiria mikono ikiwa kazini: mpira umetoka mahali pake, mpira umeziba, hewa imevuja kifuani inalibana pafu, au kifaa ndicho kibovu. Kifaa tulikuwa tumeshakitoa. Tukapitisha mpira mwembamba wa kunyonyea makohozi, ukakwama. Tukadondosha matone ya maji ya chumvi, tukarudia, ukatoka na kipande cha kohozi kikavu, kama punje ya mchele. 75. 86. 95. Zilikuwa hazijapita dakika tatu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, ameuma pindo la kitenge. Akaniuliza, "Sista, amerudi?" Nikamjibu, "Amerudi, mama."

Mwaka mmoja baadaye, binti huyohuyo aliniita monita ikiwa bado kimya. Akasema, "Dada, huyu kifua chake hakipandi kama tulivyopokea zamu." Kweli, mpira ulikuwa unaanza kuziba. Jicho la namna hiyo hulipati ukumbini kwa semina ya nusu siku. Linapatikana kwa kusimama kitandani usiku baada ya usiku, pembeni yako yupo aliyekutangulia. Sasa limehamishwa kwa karatasi ya ukurasa mmoja, na mimi nimepewa kijana mwingine wa kuanza naye upya. Ni wa sita tangu niingie chumba kile.

Najua hoja ya viongozi wetu, wala siibezi. Mzunguko humpa muuguzi uzoefu mpana, na humpumzisha. Kazi ya watoto mahututi inachosha moyo. Kuna wiki tulipoteza watoto watatu, na mimi mwenyewe niliomba kutoka kwa miezi mitatu, nikakubaliwa, nikashukuru. Kwa hiyo anayeomba kutoka atolewe, na aliye mgeni kazini azungushwe. Nasemea yule aliyekwisha kuiva na anataka kubaki.

Akibaki, anapata nini? Barua yangu ya cheo inasema Afisa Muuguzi Msaidizi Mwandamizi. Humo hamna neno "mtoto" wala neno "mahututi". Mwenzangu niliyesoma naye, ambaye hajawahi kugusa mashine ya kupumulia, ana barua kama yangu, na mshahara wetu ni uleule. Nikitaka kupanda zaidi, nirudi chuo kutafuta shahada, jambo ninaloliheshimu, au nitafute madaraka: inchaji, yaani mkuu wa wodi, kisha ofisini, kisha vikao. Matokeo yake, kila anayepanda huondoka kitandani kwa mtoto, na kitandani wanabaki wageni.

Mafunzo nayo yana shida yake. Baraza la Uuguzi na Ukunga linatutaka tuwe na alama za mafunzo endelevu ili kuhuisha leseni, na ni haki kabisa. Lakini ukihudhuria mada yoyote unapata alama, hata isiyogusa wodi yako. Nitoe mfano unaoniuma mpaka leo. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika apewe maji ya mshipani mengi na kwa haraka. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 3,000 Kenya, Uganda na hapahapa Tanzania. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi ya 10, na kwa wasiopewa hivyo walikufa 7. Mimi habari hiyo ilinifikia mwaka 2014, kwa mdomo wa daktari kijana aliyekuwa mafunzoni. Miaka mitatu niliendelea kufanya nilichofundishwa, nikiamini nasaidia.

Wenzetu wamepata namna ya kuuhesabu ujuzi huu. Marekani, chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi, AACN, hutoa cheti cha CCRN, na kuna cha upande wa watoto. Njia mojawapo ya kuruhusiwa kufanya mtihani ni kuwa umehudumia wagonjwa mahututi saa 1,750 ndani ya miaka 2, na cheti hudumu miaka 3, kisha unathibitisha tena. Saa 1,750 ni kama zamu 146 za saa 12. Binti yule alikuwa amezipita, na hakuna daftari lililoziandika. Karibu zaidi, Chuo Kikuu cha Cape Town hufundisha wauguzi wa watoto mahututi, wakiwemo wanaotoka nchi nyingine za Afrika. Elimu ipo barani kwetu.

Ninachoomba kwa wizara, kwa Baraza na kwa wakuu wa hospitali si kikubwa. Pawe na cheo cha muuguzi mbobezi wa watoto mahututi, kinachopatikana kwa saa za kitandani, mtihani na kufundisha wengine, chenye mshahara wake. Mwenye cheo hicho asiguswe na mzunguko bila ridhaa yake. Na sehemu ya alama za leseni yake itokane na kazi anayoifanya.

Haraka yangu ina sababu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, watoto wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko. Zamani wengine walikuwa wanakata roho foleni pale Busisi. Sasa wanatufikia wakiwa bado wanapumua, na lazima wamkute anayejua la kufanya.

Listi nyingine hutoka Januari. Binti ameandika barua ya kuomba kurudi, nami nimeweka sahihi yangu chini ya yake. Iko mezani kwa matroni tangu Jumatatu.

Muuguzi,
Buzuruga, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)