Risala ya Kikundi cha Makumbusho ya Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Makumbusho Duniani, Jinja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa LC (Baraza la Mtaa), viongozi wa dini, wazee wetu, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Umefika wewe mwenyewe, hukutuma mwakilishi, na hilo tumeliona na tunakushukuru.

Mheshimiwa, Jinja ni mji wa reli, pamba na maji. Reli ya kwenda bandari ya Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likazinduliwa na maporomoko ya Ripon yakazama. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka kila upande, Kiswahili kikawa lugha ya karakana na gati. Makumbusho ya Taifa yapo Kampala tangu 1908, lakini taa ya gadi wa reli na daftari la mizani ya pamba vya mitaa hii havikuwa na pa kukaa. Ndipo kikundi hiki kikaundwa.

Mafanikio yetu ni makubwa kuliko nyumba yenyewe. Kila kifaa kina namba yake, na daftarini pameandikwa aliyekitoa na maelezo yake kuhusu kilivyotumika. Picha tunaziandika nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa wino, maana wino hupenya hadi mbele. Kikapu chenye wadudu tunakifunga kwenye nailoni na kukiweka kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Kikitolewa hakifunguliwi hadi saa 24 zipite, ili umande ushike nailoni na si kikapu. Makumbusho makubwa duniani hufanya vivyo hivyo. Kila Jumamosi wazee huketi meza moja na wanafunzi. Picha za familia hupigwa nakala kwa simu na kurudishwa siku hiyo hiyo, na mzee akitaja jina la aliyemo pichani, mwanafunzi analiandika. Makumbusho haya ni meza ile, na wananchi wanaiamini.

Sasa, Mheshimiwa, tunaomba usikivu wako kwa jambo moja tu: paa.

Paa linavuja kwa sababu tunazozijua. Aliyeliezeka alipigilia misumari kwenye mabonde ya bati, badala ya migongo, na maji hupita mabondeni. Mabati yamelaliana wimbi moja tu. Mpira wa misumari umekauka. Tumeziba kwa lami mara nyingi, lakini lami hupasuka kwa jua la Januari, na masika yakianza tunarudi pale pale. Mfereji wa maji haupo, hivyo matone hupiga chini ya ukuta, ukuta unanyonya maji, na mchwa wanapanda kwenye unyevu huo hadi rafu za nyuma. Tumezisogeza rafu sentimita 15 kutoka ukutani ili hewa ipite. Imesaidia kidogo.

Tunaomba uitazame picha iliyo mezani mbele yako. Ni ya wafanyakazi wa reli. Uso wa picha nyingi za zamani ni jelatini, ambayo ikipata unyevu hulainika na kugandamana na kioo cha fremu. Ilipotolewa, sura zilibaki kwenye kioo. Wanaume watatu wa mstari wa mbele hawana nyuso tena. Familia iliyotuletea ilitusamehe, lakini tangu siku hiyo familia nyingine nne zimekuja kuchukua vitu vyao. Hatukuwa na neno la kuwazuia. Nani ataacha kumbukumbu ya babu yake chini ya bati linalovuja?

Mheshimiwa, paa hili limeahidiwa mara tatu katika hafla kama hii. Mara ya kwanza tuliambiwa mabati yako njiani. Mara ya pili paa lilipimwa, na vipimo vikaondoka na mpimaji. Mara ya tatu tuliambiwa tuandike barua. Tuliandika nne, na nakala zimo kwenye faili. Tunayasema haya kwa adabu, kwa kuwa wazee walioketi hapa walikuwepo siku zote tatu, na mara zote walipiga makofi.

Safari hii tumepima wenyewe. Nyumba ni mita 10 kwa 5. Tunahitaji mabati 30 ya geji 28, yenye urefu wa mita 3; kofia 7 za mgongoni; kilo 6 za misumari yenye mpira; mbao 6 za inchi 2 kwa 4 zilizotiwa dawa ya mchwa; na mita 22 za mfereji. Bei zimo kwenye bahasha utakayokabidhiwa. Ufundi na chakula cha mafundi ni juu yetu. Kazi ni ya siku nne, na tunaomba imalizike kabla ya mvua za Septemba. Kama haitawezekana kutoa vyote, tunaomba mabati na misumari kwanza. Na kama haiwezekani kabisa, tunaomba utuambie leo, ili tuwaarifu wenye vitu waje wavichukue vikiwa bado vizima.

Ngazi imeegemezwa ukuta wa nyuma na fundi yupo hapa. Kabla ya chakula, tunaomba upitie chumba cha nyuma naye akuonyeshe.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi