Kutapatapa si kuzama

Mhariri,

Katika tafsiri za habari za biashara, kitenzi cha Kiingereza "flounder" hugeuzwa mara nyingi kuwa "kuzama". Sivyo. Kuzama ni "founder", lenye asili ya Kilatini "fundus", yaani chini kabisa: jahazi limejaa maji, limekwenda. Wa "flounder" angali juu. Mtazame asiyejua kuogelea aliyeteleza gatini Likoni na viatu vyake: mikono yapiga maji ovyo, miguu haipati pa kukanyaga, nguvu zamwishia na hajasogea hata pima moja. Huko ndiko kutapatapa, na methali yetu ya mfa maji ilishalimaliza suala hili zamani.

Aliyenasa kwenye tope la mikoko anafurukuta. Msemaji aliyeishiwa maneno mbele ya waandishi, "kubabaika" latosha.

Kosa huzaliwa na herufi moja tu, l. Jiulize kama mhusika aweza bado kuokoka. Kampuni inayotapatapa hutafuta mkopo. Iliyozama hutafutiwa mfilisi. Tena kitenzi hiki hakichukui yambwa: kwa Kiingereza, madeni hayawezi ku-flounder kampuni, kampuni hu-flounder yenyewe kwa sababu ya madeni.

Na wa kurasa za uvuvi wajihadhari. Neno hilohilo likiwa nomino ni samaki bapa, jamii ya gayogayo wetu, macho yote mawili upande mmoja. Huyo hatapatapi, amejilaza mchangani, ametulia.

Wafasiri,
Mombasa