Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa makumbusho: lebo ya sanduku namba saba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Barua tatu za kwanza nilikuandikia kwa Kiingereza, hukujibu hata moja. Hii nimeamua niiandike kwa lugha yangu, angalau ipate wasomaji. Ukihitaji mkalimani, mgahawa wako wa chini una wapishi wawili kutoka Mombasa.

Mimi ni mlinzi wa ghorofa ya pili, kile chumba cha mfadhili ambaye jina lake limebandikwa juu ya mlango kwa herufi za shaba. Huu ni mwaka wa sita nasimama humo muda wa saa nane kila siku. Magoti yamekwisha, na kile kiti tulichoahidiwa naambiwa bado kiko njiani (sijui kinatoka nchi gani). Vyombo vyake navifahamu kuliko wanangu, maana wanangu nawaona Jumapili tu: vikombe vya Waetruski (watu wa kale wa Italia), vichwa vya marumaru vilivyokatwa shingoni, na katika sanduku namba saba, lile gudulia refu la Puglia, kusini mwa Italia, la karne ya 4 kabla ya Kristo. Limechorwa mwanamke ameketi ndani ya kijumba cheupe. Kijumba kile ni kaburi, Mheshimiwa. Magudulia ya namna ile yalitengenezwa kwa ajili ya wafu na yakazikwa nao. Lebo yako inasema: "Mkusanyo binafsi, Uswisi." Basi. Utadhani wafu wa Puglia walikuwa wakisafirishwa kwenda kuzikwa Geneva.

Jumamosi iliyopita mtoto wa shule aliniuliza, "Hili lilitoka wapi?" Nikamjibu. Hilo ndilo kosa langu.

Nilimwambia kwamba lebo haisemi, ila yapo mengine ambayo yamejulikana yalikotoka. Nikamsimulia jinsi polisi walivyofungua maghala ya Giacomo Medici, mfanyabiashara wa vitu vya kale kutoka Italia, kule kwenye bandari huru ya Geneva (mahali pa kuhifadhi mali bila kulipa ushuru) mwaka 1995, wakakuta vyombo kwa maelfu na picha kwa maelfu, nyingi za Polaroid, zile zinazotoka papo hapo kwenye kamera: magudulia yamevunjika vipande vipande, udongo bado umeyaganda. Polaroid za aina iliyokutwa mle zilianza kupigwa miaka ya 1970, kwa hiyo chombo kinachoonekana humo na udongo wake hakikuwa kimekaa kabatini kwa bibi yeyote wa Uswisi tangu enzi za vita. Mahakama ya Roma ilimtia Medici hatiani mwaka 2004. Nikamweleza na kreta ya Euphronios, chombo cha kuchanganyia divai kilichochorwa na Mgiriki huyo wa kale, ile yenye picha ya Usingizi na Kifo wakimbeba Sarpedon, shujaa aliyeuawa vitani. Makumbusho ya Metropolitan ya New York iliinunua mwaka 1972 kwa dola milioni 1, ikaja kubainika ilichimbuliwa kwa wizi Cerveteri, ikarudishwa Italia mwaka 2008. Mwalimu wake aliniambia asante. Watoto wale hawakugusa kioo hata mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika zamu yangu.

Jumatatu nikaitwa. Nikaambiwa kazi ya mlinzi ni kulinda, wenye kueleza wapo. Zamu zangu za Jumamosi zikafutwa. Hizo ndizo zinazomlipia mdogo wangu karo Kaloleni, lakini hilo si la kwenye lebo, najua.

Kaloleni ni Ugiriama, pwani ya Kenya, Mheshimiwa. Kwetu mzee wa Gohu, chama cha siri cha wazee, akifa huchongewa kigango, nguzo ya mbao ya kumkumbuka, kikasimamishwa, na hakihamishwi. Kikiguswa, ukame ukija au mtoto akiugua, watu wanajua pa kuanzia kuuliza. Na bado viling'olewa usiku na vijana wenye njaa, vikauzwa kwa shilingi chache, vikafika kwa matajiri wa Marekani, na kutoka kwao vikaingia makumbusho kwa jina zuri la zawadi. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikuja kuonekana katika makumbusho mawili ya huku huku Marekani. Makumbusho ya Denver ilirudisha vigango 30 mwaka 2019. Kwa hiyo nikisimama mbele ya kile kijumba cheupe sioni "sanaa ya Mediterania". Naona shimo lililoachwa wazi.

Simwiti mfadhili wako mwizi. Ni mzee mpole, hunisalimia kwa jina, na pengine alinunua kila kitu kwa risiti. Michael Steinhardt naye alikuwa mfadhili mkubwa New York, hadi Desemba 2021 alipokubali kusalimisha vitu 180 vya thamani ya dola milioni 70, na kupigwa marufuku ya maisha kununua vya kale. Nadhani mnaogopa kumuuliza wa kwenu kwa sababu ya lile jengo jipya. Labda nakosea. Kama nakosea, ni nini kinachowazuia? Mwaka juzi ulisimama mbele ya wafanyakazi wote ukasema lebo zitarekebishwa "kabla ya majira ya joto". Majira ya joto yamepita mara mbili, na ya mwisho kiyoyozi chetu kilikuwa kibovu, kwa hiyo nayakumbuka vizuri.

Barua ya kwanza niliomba muwaandikie Waitalia. Ya pili niliomba mkutano. Ya tatu, kiti. Leo naomba karatasi moja ndogo ya sanduku namba saba, iandikwe: "Haijulikani lilichimbwa wapi, na nani, wala lini." Hata kuichapa sitaki gharama yenu, nitaichapa mwenyewe.

Zamu za Jumamosi nikirudishiwa nitashukuru. Kiti kisubiri kama bajeti imebana. Lakini lebo, Mheshimiwa. Kesho nipo pale kuanzia saa tatu asubuhi, na shule nyingine inakuja saa nne.

Wako mtiifu,
Mlinzi wa ghorofa ya pili