Nimemwona Baba Mdogo Kaboya

Bukoba,
Jumapili jioni

Ndugu yangu wa hiari,

Nimefika, na nimemwona. Nakuandikia wewe kwanza, kabla hata ya kumpigia Baba simu, kwa sababu wewe ndiye uliyelala chumba kile kwa Bibi tukiwa shule, ukauliza lile sweta la buluu kwenye msumari ni la nani. Bibi akakujibu, "La baba yenu mdogo, yuko vitani." Vita vilikuwa vimekwisha miaka mingi. Ukanitazama, nami nikainamisha kichwa. Siku ile nilishindwa kukueleza, acha nikueleze leo.

Baba Mdogo alikuwa na miaka 21. Alikuwa fundi baiskeli pale kwetu Kibosho, Kilimanjaro, na jioni alikuwa kwenye mazoezi ya mgambo. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu alipotangaza kwamba tunao uwezo wa kumpiga Amin, sababu tunayo na nia tunayo, Baba anasema walikuwa wamejazana kwa jirani mwenye redio, watu wazima na watoto, hakuna aliyekohoa. Kagera ilikuwa imeshavamiwa, daraja la Kyaka likavunjwa siku moja baadaye. Haikupita wiki mbili Baba Mdogo akaitwa. Bibi hakumzuia. Alimpikia mtori asubuhi, akamsindikiza mpaka penye masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akarudi kukata majani ya ng'ombe.

Barua yake ilikuja moja tu, ya karatasi ya daftari, na Baba ameihifadhi mpaka leo ndani ya Biblia. Nusu yake ni salamu, mtu kwa mtu, mpaka majirani. Halafu anaandika: "Yule beberu mweusi msimchinje Krismasi hii. Nikirudi tutamla wote." Wewe unajua Krismasi ni nini Uchagani, mtu akiwa Dar, akiwa Tanga, lazima apande nyumbani. Mwaka ule beberu alibaki bandani. Mwaka uliofuata pia. Alizeeka, meno yakaisha, akafa mwenyewe, na Bibi akakataa asiliwe, akafukiwa.

Baba Mdogo alifia ng'ambo ya Mutukula, pale mpakani, upande wa Uganda, Februari 1979, siku chache kabla Masaka haijatekwa. Namna alivyokufa hatukuelezwa, nami sitabuni. Habari ililetwa na balozi wa nyumba kumi pamoja na askari mmoja mgeni. Walimkuta Bibi anatoka shambani na mzigo wa majani kichwani, na inasemekana aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuutua. Walimwambia mwanawe amezikwa kwa heshima zote, huko huko Kagera. Bibi aliuliza swali moja tu: "Mmemlaza ameelekea wapi?" Kwetu mtu hulazwa akiuelekea mlima. Wale wanaume hawakuwa na jibu. Hawakuwa na kosa, walitumwa tu.

Msiba ukakaliwa bila maiti. Sukari ya chai ilitafutwa siku tatu. Tarehe 11 Aprili redio ilipotangaza Kampala imeanguka, kijiji kizima kilitoka kwa vigelegele, na hata Bibi alitoka. Alisimama mlangoni kidogo, akarudi ndani akafunga. Sijawahi kulisimulia hili bila koo kukauka. Nchi ilishinda, na ilikuwa haki kushinda, lakini yeye alibaki na sweta.

Basi, Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. Nilipanda basi hadi Mwanza, usiku nikavuka kwa meli hadi Bukoba, jana nikashuka Muleba. Makaburi yako kwenye eneo la jeshi, kwa hiyo unaomba ruhusa kwanza, unaandikisha jina, unasubiri. Walinipa kijana mmoja wa kunisindikiza, nadhani umri wake ni kama wa Baba Mdogo alipoondoka. Aliniita "mzee", nami bado sijazoea.

Ndugu yangu, ni safu kwa safu. Nilidhani nitaliona kaburi moja, la kwetu. Nilipita majina mengi ya watu wa mikoa yote kabla ya kufika kwake, na kila jina nikawa najiuliza mama yake aliuliza nini. Kila mwaka tarehe 25 Julai tunaona Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara na tarumbeta ikilia, na mimi huwa natazama nikijua ni siku ya mashujaa. Jana ndipo nilipojua kuwa ni siku ya Baba Mdogo.

Jina lake limeandikwa sawasawa, halina kosa. Niligusa kila herufi. Kisha nikamuuliza yule kijana mashariki ni wapi, akanyoosha mkono bila kuuliza sababu. Mlima uko upande huo, mbali kabisa. Nikalaza jani la isale upande ule, lile nililotoka nalo kihambani. Lilikuwa limenyauka ncha tu. Nikamwambia kwa Kichaga kwamba mama yake amepumzika tangu 2009, na kwamba beberu hakuliwa.

Kijana alikuwa amesogea kando, amevua kofia. Nilipomwomba udongo kidogo alikwenda kuuliza kwa wakubwa wake, akarudi na kijiko cha chakula.

Udongo nimeutia kwenye kopo la kahawa, nimelifunga kwa kitambaa cha Bibi. Baba anataka tuuzike miguuni pa mama yake tarehe 26 Desemba, wote wakiwa wamepanda, na beberu mweusi ameshapatikana. Njoo. Chumba ni kile kile, na sweta bado liko msumarini, Baba hataki liondolewe mpaka siku hiyo.

Meli inaondoka kesho usiku. Kopo nitalipakata.

Wako,
ndugu yako