Barua kwa Rukia kuhusu krimu za madini na chunusi

Tanga,
9 Juni.

Mpendwa shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote hapa nyumbani. Sisi hatujambo, na tumefurahi mno kusikia kwamba mimba imefika miezi minne na kwamba kichefuchefu kimeanza kupungua. Ama baada ya salamu, nimeisoma barua yako na kuitazama kwa makini picha ya kopo la krimu uliyonitumia, na kwa kuwa umeniuliza kama rafiki na pia kama mtu anayeshinda famasia kutwa nzima, naomba univumilie nikikujibu kwa urefu.

Unasema msusi wako amekuhakikishia kwamba krimu ile inamfaa mjamzito mwenye ngozi isiyovumilia vitu, eti kwa sababu imetengenezwa kwa madini matupu na haina kemikali. Rukia, zebaki nayo ni madini, na risasi pia ni madini. Zinki ninayowashauri wateja wangu kila siku ni madini vilevile, kwa hiyo ukiniuliza kama krimu za madini zinafaa kwa chunusi, nitakuuliza kwanza ni madini gani, kwa kiwango gani, na nani aliyeyaweka humo.

Kopo lako halijibu hata moja kati ya maswali hayo. Halina orodha ya viambato, halina jina la mtengenezaji, halina namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Kilichoandikwa ni ahadi ya kung'arisha uso ndani ya siku saba na onyo la kutovaa vidani vya fedha wakati wa kupaka. Onyo hilo ndilo lililonishtua, kwa sababu zebaki hushambulia fedha, dhahabu na alumini, na wauzaji wa krimu zenye zebaki huliweka ili wateja wasirudi na pete zilizoharibika. Ukiona pia krimu nyeupe ikigeuka kijivu au kijani kibichi kilichofifia baada ya kukaa mwangani, basi shaka inazidi kuwa kubwa.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ndiyo maana madoa ya chunusi huonekana kama yanafutika na mtu akaamini amepona. Wakati huohuo inapenya ngozini, inaingia kwenye damu, inajikusanya kwenye figo, na kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo na mishipa yake ya fahamu ndiyo kwanza inajengeka. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: figo zilizoumizwa na zebaki huvujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha miguu, na dalili hizo mbili ndizo wakunga wanazozitafuta kwa ajili ya kifafa cha mimba, hivyo mama aliyeficha krimu yake anaweza kuwapoteza njia wanaomhudumia. Kama umekwisha kuipaka, hata mara chache, nenda kliniki ukiwa na kopo lenyewe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na useme bila haya. Hakuna atakayekushangaa, mkorogo ni jambo wanalokutana nalo mara kwa mara. Taulo na foronya zilizogusana nayo uzitenge, kwa maana mvuke wa zebaki huwafikia hata wasiopaka.

Bidhaa za namna hii zimepigwa marufuku hapa kwetu, na Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazikataza katika nchi zilizojiunga nao, lakini marufuku haizuii kopo kupita chini ya meza saluni. Wakati mwingine sumu huandikwa kwenye kopo kwa jina lisilotisha, kwa hiyo ukikutana na "calomel", "mercurio", "mercuric iodide" au "ammoniated mercury", jua ni zebaki ileile.

Sasa nije kwenye madini yenye manufaa, maana nisingependa uogope yote kwa kosa la moja. Katika yale yanayopakwa usoni, linalotibu chunusi hasa ni kiberiti, kile kile ambacho wazee wetu walikiita kiberiti upele. Mengine huituliza ngozi au kuikinga, na msaada huo si mdogo, ila mtu akitarajia zinki peke yake imwondolee chunusi atangoja sana.

Chunusi, kama ujuavyo, huanza pale homoni zinapozifanya tezi za ngozi zitoe mafuta mengi, seli zilizokufa zikaziba vitundu vya vinyweleo, na bakteria waliomo ndani wakaongezeka na kuleta uvimbe na usaha. Ujauzito huzichochea homoni hizo, na ndiyo maana uso wako, uliokuwa umetulia tangu tulipomaliza chuo, umeanza tena. Kiberiti hulegeza gamba la seli zilizokufa, hukausha mafuta yaliyozidi na hupunguza bakteria kwa kiasi. Marekani, dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari huruhusiwa kuwa na kiberiti cha kati ya asilimia 3 na 10, na kwa ngozi kama yako ningebaki kwenye 3 hadi 5. Kinachonifanya nikipendekeze kwako ni kwamba kinapopakwa sehemu ndogo ya ngozi kinahesabiwa kuwa salama kwa mjamzito, ilhali dawa nyingi zenye nguvu zaidi hazifai: zile krimu za tretinoini na adapalini ulizobaki nazo ziweke kando mpaka baada ya kujifungua, na vidonge vya isotretinoini usivikaribie kabisa kwa sababu huharibu maumbile ya mtoto tumboni.

Usije ukachukua ule mkebe wa mafuta ya upele yenye kiberiti ukajipaka usoni kwa kuwa jina la dawa ni moja. Mafuta yale hukusudiwa kwa ngozi ya mwili, ni mazito, na mara nyingi kiwango chake ni kikubwa kuliko uso wako unavyoweza kustahimili. Tafuta krimu au barakoa ya uso ya kuosha, uipake tabaka jembamba usiku kwenye maeneo yenye chunusi tu, mbali na macho na midomo, uiache kama dakika 10 kisha uisuuze kwa maji ya kawaida. Mwanzoni paka usiku mmoja, uruke unaofuata. Ina harufu ya mayai viza, sikufichi, na kwa mtu aliyetoka juzi kwenye kichefuchefu hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua ya kuosha badala ya ile ya kulala nayo. Pete yako ya fedha uivue pia, kwa kuwa kiberiti huifanya nyeusi. Kwa hiyo onyo la fedha peke yake si ushahidi kamili wa zebaki, na kopo lile nimelihukumu kwa kutokuwa na orodha ya viambato na kwa ile ahadi yake ya siku saba.

Nakumbuka uliwahi kuniambia kwamba ulipokuwa mdogo ulipewa vidonge vya kotrimoksazoli ukatokwa na vipele mwili mzima. Kiberiti chenyewe si dawa ya kundi hilo tunaloliita dawa za salfa, na mzio wa hizo haukuzuii kukitumia, lakini baadhi ya krimu huchanganya kiberiti na sulfasetamidi, ambayo ni ya kundi hilo, na hizo uziepuke. Jambo zito zaidi ni kuwaeleza manesi wa kliniki habari hiyo kabla hawajakupa vidonge vya SP vya kuzuia malaria, kwa sababu ndani ya SP mna dawa ya salfa. Tafadhali waambie hata kama hawajakuuliza.

Zinki ninaipenda kwa kazi nyingine. Oksidi ya zinki hukaa juu ya ngozi, haipenyi kwa kiwango cha kutia wasiwasi pale ngozi isipokuwa na jeraha, hutuliza wekundu na muwasho, na karibu kila ngozi huivumilia. Ndiyo sababu huwekwa kwenye krimu za watoto wanaochubuliwa na nepi. Krimu hizo za nepi, hata hivyo, huwa nzito sana kwa uso wenye chunusi. Kalamini, ile losheni ya waridi, ni zinki hiyohiyo iliyotiwa oksidi ya chuma kidogo, nayo inafaa kwa tone moja juu ya chunusi inayowasha, ila ukiipaka uso mzima kila siku itakukausha mpaka ngozi ianze kubanduka.

Mahali ambapo zinki haina mpinzani kwa mtu kama wewe ni kwenye kinga ya jua. Ngozi yetu, shoga yangu, haisahau upesi: kila chunusi iliyotumbuliwa, kila mahali palipoungua kwa dawa kali, huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kwisha, na jua hulizidishia weusi. Ukiongeza na mimba, ambayo kwa wanawake wengi huleta mabaka mashavuni na kwenye paji la uso, utaona kwa nini nakusihi ujikinge hata hapo Arusha ambapo baridi na mawingu humdanganya mtu, kwani mji uko juu kiasi cha mita 1,400 na miale hupenya mawingu. Krimu za kinga zinazotumia oksidi ya zinki au dioksidi ya titani huwasha kidogo kuliko zile zinazotumia vichujio vingine. Kasoro yake ni kwamba nyingi hutuachia uso mweupe kama wa mtu aliyetoka kusaga unga. Tafuta zilizotiwa rangi ya kahawia kwa oksidi za chuma, na hapo hutapata urembo tu, maana mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao huongeza weusi kwenye ngozi za rangi yetu, na oksidi za chuma ndizo zinazouzuia vizuri zaidi. Kiwango cha kinga kiwe 30 au zaidi, upake kiasi cha mistari miwili inayolingana na urefu wa vidole vyako kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje shuleni kwenye zamu ya kuwaangalia wanafunzi.

Kuhusu udongo mweupe wa kupaka, sina maneno mengi. Kaolini iliyosafishwa hufyonza mafuta na haina ubaya mara moja kwa wiki, lakini udongo wa sokoni usiojulikana ulikochimbwa usiupake, na ule wa kula usiule, najua unanielewa. Singo na liwa ya mama mkwe uiweke kwa ajili ya mikono na miguu. Kusugua uso wenye chunusi ni kuzichokoza.

Nimalizie na utaratibu. Osha uso mara mbili tu kwa siku kwa kitu laini kisicho na manukato, uache ile sabuni ya kipande. Kila krimu mpya uijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku tatu au nne, na usianzishe mbili kwa pamoja, la sivyo hutajua iliyokuunguza ni ipi. Kuchoma kidogo kunakopita upesi unaweza kukuvumilia, lakini kukiendelea, suuza na uache. Upe uso wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema dawa imeshindwa, kwa kuwa chunusi haikimbii, na krimu yoyote inayoisafisha kwa siku tatu huenda imefichwa klobetasoli au steroidi nyingine, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, itakayokurudishia chunusi nyingi zaidi utakapoiacha. Kama duka lenu lina asidi ya azelaiki, ambayo si madini bali hupatikana kiasili kwenye ngano na shayiri, mimi ningeipendelea hata kuliko kiberiti, kwa sababu hutibu chunusi na madoa kwa pamoja na mjamzito anaruhusiwa. Imekuwa adimu hapa Tanga, na bei yake inauma.

Zikitokea chunusi kubwa za ndani zenye maumivu, au zikianza kuacha mashimo, usiendelee na mimi wala na krimu yoyote. Panda gari uende Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu mwaka 1992. Ni kilomita 80 hivi kutoka kwako, nawe una bahati ya kukaa karibu nacho kuliko sisi wa Pwani.

Nimemkabidhi kondakta wa basi la kesho asubuhi bahasha yenye krimu ya kinga ya rangi ya kahawia na barakoa ya kiberiti ya asilimia 3. Nenda stendi na kitambulisho chako, na kabla hujavunja lakiri zake, soma viambato uone hamna sulfasetamidi, ijapokuwa mimi nimekwisha kusoma mara mbili. Msalimie sana shemeji na watoto.

Wako akupendaye,
Mwanaisha