Kabla hujaruhusu gia boksi ishushwe, pima kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba gari ya manyuo ya zamani ikianza kukosa nguvu mlimani basi ujue klachi, ile inayounganisha injini na gia boksi, imekwisha, kanunue seti nzima, shusha gia boksi ufunge ulale. Nimesoma nikatikisa kichwa. Mi naishi Soni, barabara ya Mombo kwenda Lushoto inapita hapa mlangoni, kila siku nasikia gari zinapanda na unaweza kukaa kibarazani ukazijua kwa sauti tu ipi klachi inateleza na ipi ina ugonjwa mwingine kabisa, kwa hiyo huo ushauri wa ndugu yetu utawatia watu hasara.

Tuanze na hilo la kukosa nguvu. Gari ikikosa nguvu kwa sababu ya injini, tuseme filta ya dizeli imeziba au nozeli za kupulizia dizeli zimechoka, mlio wa injini unashuka pamoja na spidi, gari inazidi kuwa nzito na injini nayo inalegea mpaka unalazimika kurudisha gia. Klachi ikiteleza ni kinyume chake. Injini inapiga kelele, inaresi, mshale wa rpm, yaani mizunguko ya injini, unapanda kama upo, na gari yenyewe iko palepale au inapungua mwendo. Yaani nguvu ipo ila haifiki kwenye matairi. Na ukiona injini iko sawa, mlio hauresi ila gari imekuwa nzito tu hata kwenye tambarare, shuka uguse rimu, moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake hiyo ni breki imeshika, klachi haihusiki. Watu wameshabadilishiwa klachi kwa ugonjwa wa breki, jamani.

Dalili za mwanzo za klachi kuteleza zinaanzia kwenye gia namba nne na tano, sio namba moja kama wengi wanavyodhani. Namba moja na mbili zinaisaidia injini, gari inaondoka bila kuibana sana klachi, lakini ukiwa namba nne kwenye mwendo mdogo alafu ukakanyaga mafuta yote, hapo klachi inabeba kazi yote peke yake na kama imechoka itaachia. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni barabarani, tafuta sehemu tambarare isiyo na watu, tembea kama 40 au 50 kwa saa, weka namba nne, kanyaga mpaka chini, sikiliza. Mlio ukiruka juu ghafla kabla gari haijaongeza mwendo umepata jibu. Kirikuu nyingi, yaani Suzuki Carry, hazina mshale wa rpm ila sikio linatosha. Harufu nayo inakuja, harufu ya kuungua iliyo kali inayokaa puani, lakini ukingoja harufu umeshachelewa kidogo.

Kipimo cha pili ni cha gari ikiwa imesimama. Vuta hendibreki sawasawa, weka mawe kwenye matairi, mguu kwenye breki, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma, ingiza namba tatu au nne, alafu achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini hapohapo. Injini ikiendelea kuunguruma huku umeshaachia pedeli yote basi inateleza, tena vibaya. Fanya mara moja tu, zima, iache ipoe, maana nimeona vijana wa gereji wanarudia rudia kumwonyesha mteja mpaka moshi unatoka chini, sasa hapo hata kama klachi ilikuwa na uhai umeshaimaliza. Na kipimo hiki kinakamata klachi iliyochoka sana, ile iliyoanza juzi inaweza kufaulu hapa ikafeli mlimani, ndo maana nasema uanze na barabara.

Sasa umeshajua inateleza. Hapa ndipo ninapogombana na mwandishi wa ile barua na mafundi wengi tu, kuteleza sio lazima pleti, ile sahani inayolika, iwe imekwisha. Klachi inabana kwa sababu presha pleti, ile sahani yenye springi, inaisukuma klachi pleti dhidi ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, chochote kinachoizuia presha pleti kusukuma kwa nguvu zake zote kitafanya iteleze hata kama pleti ni mpya kutoka kwenye boksi. Na vitu hivyo vingine viko nje, unavigusa kwa mkono bila kushusha kitu.

Chukua kirikuu, klachi yake inavutwa kwa kebo. Pleti inavyolika zile nyayo za springi za presha pleti zinasogea kuelekea rilizi beringi, ile inayozisukuma ukikanyaga pedeli, kwa hiyo ule uhuru wa pedeli, pale unapokanyaga kidogo na haigusi kitu, unapungua kidogo kidogo mpaka unaisha. Ukiisha beringi inakuwa imeegemea springi muda wote, ni sawa na dereva ameweka mguu kwenye klachi safari nzima, na klachi inateleza. Dawa yake ni nati ya kebo, unailegeza mpaka uhuru urudi, gari nyingi ndogo za kebo zinataka kama milimita 15 mpaka 25 kwenye pedeli, ila kitabu cha gari yako ndo kinasema kamili. Ni kazi ya spana moja na dakika chache. Ukishalegeza uhuru ukarudi na bado inateleza, hapo sawa, tuanze kuzungumza habari ya pleti.

Hilux, Hiace na Land Cruiser za zamani nyingi klachi yake ni ya mafuta, yaani breki fluidi badala ya kebo, kuna masta silinda huku juu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli na sleva silinda kule kwenye gia boksi inayosukuma beringi. Hizi nyingi zinajirekebisha zenyewe kadri pleti inavyolika kwa hiyo pedeli haikuambii ukweli, inaweza kushikia palepale siku zote mpaka siku klachi inaisha. Lakini zina ugonjwa wao ambao mafundi wengi wanaupita. Mpira wa bomba la klachi ukizeeka unavimba kwa ndani, ukikanyaga mafuta yanakwenda, ukiachia hayarudi yote, au yanarudi polepole. Au fundi aliyepita alirefusha fito inayosukuma masta, kile kitundu cha kurudishia mafuta kikabaki kimezibwa. Au mtu aliongeza oili ya injini kwenye kikopo cha mafuta ya klachi badala ya breki fluidi, mipira yote ikavimba, hiyo nimeiona zaidi ya mara moja na mwenye gari anaapa hajaweka kitu. Matokeo ni yaleyale, presha inabaki ndani, beringi inaendelea kusukuma, klachi inateleza hasa gari ikishapata moto.

Kulijua hili ni rahisi mno. Siku inapoteleza, hapohapo bado ya moto, simamisha gari sehemu salama, zima injini, weka hendibreki na mawe, mtu aingie chini afungue ile nipo, kinati chenye tundu cha kutolea hewa, kwenye sleva bila mtu yeyote kukanyaga pedeli. Mafuta yakiruka kwa nguvu, na ukishaifunga klachi inashika vizuri kwa muda, basi pleti yako haina kosa, umebanwa na mafuta yasiyorudi. Mpira wa bomba na ripea kiti ya masta, yaani mipira yake ya kukarabatia, bei yake huwezi kulinganisha na seti ya klachi na kazi ya kushusha gia boksi. Lakini fundi gani anakuambia hivyo? Wengi wakisikia tu inateleza mkono umeshaenda kwenye bolti za gia boksi.

Nisiwaonee mafundi wote, wapo wazuri sana na wengi hawajawahi kukaa darasani, wamejifunzia chini ya mwembe. Ila kuna hili la oili linaniuma. Jirani yangu ana Hilux ya dizeli ya zamani ile yenye injini ya 2L, inabeba saruji na unga kutoka Mombo kupandisha huku, klachi ikaanza kuteleza akaipeleka gereji moja huko mjini, wakafunga klachi mpya, kwa muda ikaenda vizuri, alafu ikarudia. Wakamwambia spea feki, nunua nyingine. Akanunua ya bei kubwa zaidi, ikarudia tena. Mpaka alipotokea mzee mmoja akalala chini na tochi akaangalia lile ganda la chuma kati ya injini na gia boksi, pale chini kabisa pana unyevu mweusi. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, ilikuwa inavuja, oili inarushwa kwenye pleti, pleti ikishanywa oili haishiki tena hata ukiiosha na petroli. Hizo klachi mbili zote zilifungwa juu ya sili mbovu. Wakati gia boksi iko chini ile sili iko wazi mbele ya macho yako, bei yake ni ndogo, na fundi akairuka!

Kwa hiyo kabla ya kushusha chungulia hapo chini. Kama ni oili nyeusi ya injini angalia sili ya krenki, kama ni nzito na ina ile harufu kali ya oili ya gia basi ni sili ya shafti ya mbele ya gia boksi. Wenye Land Rover za zamani wanajua kuna tundu chini ya hilo ganda, na ilikuja na plagi ya kuzibia wakati wa kuvuka maji tu, ukishavuka unaitoa. Sasa wapo walioifunga wakaisahau, oili inajikusanya ndani inalowesha klachi na nje kukavu kabisa.

Ikibidi gia boksi ishuke basi ishuke na wewe uwepo. Angalia pleti mwenyewe, kwenye Toyota nyingi za zamani kitabu kinasema vichwa vya ribiti, ile misumari inayoshikilia uso wa pleti, visikaribie uso wa pleti chini ya milimita 0.3, vikifika hapo kweli imekwisha na hakuna ubishi. Angalia na flaiwili, ikiwa na mabaka ya bluu au inang'aa kama kioo ipelekwe ikachongwe, ukifunga pleti mpya kwenye flaiwili iliyoungua itatetemeka kila unapoondoka na haitadumu. Na hao wanaopuliza vumbi la klachi kwa hewa ya kompresa usoni kwao na kwa mteja, acheni, pleti za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na vumbi lake ni sumu ya mapafu, futeni kwa kitambaa kilicholowa. Ile ya kumwagia soda au mchanga kupitia tundu la chini ili ishike mpaka ufike nyumbani naijua, nimeiona ikifanyika njiani, itakufikisha labda, ila ukifika usimlaumu aliyekuuzia pleti.

Kuhusu mizigo nitasema kwa kifupi maana wenye kirikuu watanichukia. Vile vigari vya Japani vya injini ya cc 660 kule kwao vimeruhusiwa kubeba kilo 350. Hiyo ni mifuko saba ya saruji basi, na dereva hujamhesabu. Pale Mombo napishana navyo vimepakia mara mbili ya hapo vinaanza kupanda karibu mita 1,000 kwenda juu ndani ya kilomita kama 33, kona zote zile, tena dereva akisimama kona anaishikilia gari kwa klachi nusu nusu badala ya hendibreki. Hapo usitafute mchawi. Matajiri wanaowapa vijana gari kwa hesabu ya siku wajue klachi nayo ni sehemu ya hesabu, deiwaka, yaani dereva wa siku, hana uchungu na pleti yako.

Mwisho nina ombi kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, najua wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, ni jambo zuri, basi kwenye kuwapima wawawekee gari ya klachi ya mafuta yenye bomba lililovimba, waambiwe tu klachi inateleza, tuone wangapi watafungua nipo kwanza na wangapi watakimbilia jeki. Na yule ndugu aliyeandika ile barua, kama gari yake bado haijashushwa gia boksi, naomba aseme humu klachi yake ni ya kebo au ya mafuta na mlio unapanda au unashuka akiwa mlimani, tutamsaidia.

Msomaji wako,
Dereva mstaafu,
Soni, Lushoto